Krimu ya Dallas na Ng'ombe Mweusi

Nyinyi hapo mnaochambua njahi, hizo maharagwe nyeusi, wacheni mikono ifanye kazi na masikio yakuje huku kwangu. Na wewe mwenye tumbo, wewe ndio naongelesha zaidi, chukua hicho kiti kiko na mgongo. Mimi sikusoma. Shule niliiona kwa mlango nikipelekea mwalimu kuni. Lakini hii maneno niliiona na macho yangu, ng'ombe ikiwa shahidi, na mahali nimeongeza chumvi mtapajua, kwa sababu hapo ndio mtacheka.

Hiyo miaka boma yangu ilikuwa imejaa. Leo ukikuja utanipata na kuku, na hata hao kuku wananiangalia wakijiuliza huyu mama anaongea na nani. Lakini wakati huo mzee wangu alikuwa hai, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Ukimsikia akiongea mara mbili kwa wiki moja unaita mpiga picha. Asubuhi alikuwa anakaa kwa mlango wa jikoni na kikombe chake cha chai, moshi inampitia kichwani, na yeye wala hasemi moshi wala hasemi chai.

Na tulikuwa na ng'ombe yetu moja. Mweusi kutoka pembe mpaka kwato, mpaka matiti. Ikisimama kwa zizi jioni ulikuwa unaona macho tu. Na maziwa! Ningekuwa na bomba ndefu ningeteremsha mpaka Kiambere, wale watu wa dam ya stima wapumzishe mto.

Sasa kijana wangu akaoa msichana wa kutoka Gachoka, msichana mzuri, kicheko chake unasikia ukiwa ng'ambo ya mto. Alikuwa anatengeneza watu nywele kwa saluni moja huko Dallas, hapo Embu mjini. Akashika mimba ya kwanza, ikatoka. Kile kicheko kikapotea, nyumba ikakaa kama imehamwa. Ya pili ilipokuja nikamwambia kijana wangu, huyo mlete huku juu kwa baridi, kwa maziwa, mimi mwenyewe nimuangalie. Akaletwa na sanduku lake na kioo kubwa kama mlango. Mimi kila usiku nilikuwa naombea hilo tumbo mpaka nikafikiri Mungu sasa anajua sauti yangu, anasema, huyu tena.

Mimba ikaanza kumchora uso. Madoa ya kahawia kwa mashavu na juu ya mdomo, kama mtu amekunywa uji akasahau kujipanguza. Nikamwambia hiyo ni mimba tu, hata mimi huyu bwana yako alinichora hivyo hivyo, akizaliwa itaondoka. Lakini mtu wa kukaa na vioo siku yote utamwambia nini. Akawa anajiangalia, anapinduka, anajiangalia tena.

Kumbe kulikuwa na mama mmoja karibu na saluni yao, anauza krimu ya kung'arisha ngozi. Haina jina, haina maandishi. Anaikoroga mwenyewe na mafuta ya mgando. Huyu bibi ya kijana wangu, mimi humwita binti yangu, akaiagiza, akaitia kwa mkebe uliokwisha wa mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka matiti ya ng'ombe, ili mimi nisiulize. Na kweli ningeuliza aje? Mnajua huku kwetu hayo mafuta si ya ng'ombe peke yake. Ni ya watoto Jumapili kabla ya kanisa, ni ya miguu ya mzee wakati wa baridi, ni ya bawaba ya mlango. Mkebe ukiwa kwa dirisha ya bafu, hakuna mtu anashtuka.

Basi asubuhi moja nikaoga nikiwa na mkebe wangu wa kukamulia, nikauweka kwa hiyo dirisha, karibu na wake. Kutoka, nikachukua wake, nikaacha wangu. Nikaenda kukamua.

Kuanzia hiyo siku ng'ombe yangu ikawa inapakwa krimu ya Dallas asubuhi na jioni. Na bibi ya kijana wangu akawa anajipaka mafuta ya ng'ombe akingoja kuwa mweupe. Mimi niliona tu mafuta inanukia marashi kidogo, nikasema hawa wenye kiwanda wamekumbuka sisi. Nikaona vidole vyangu vinang'aa kama vya mtu wa ofisi, nikasema ni baraka. Yeye naye alikuwa anapigia yule mama simu kwa siri, anamwambia krimu imeisha nguvu, madoa inarudi.

Mzee ndiye aliona ng'ombe. Akaniita kwa zizi na kidole. Nikainama, nikatazama. Matiti ya ng'ombe yangu mweusi ilikuwa imegeuka pinki, madoa madoa, kama mtalii amelala kwa jua. Na hiyo ng'ombe ilikuwa na mimba pia, imedungwa ile sindano ya mbegu, ilikuwa izae mwezi ule ule na binti yangu. Nikaona hii ni ugonjwa, tutapoteza ndama na kila kitu.

Daktari wa mifugo akaitwa. Akashika, akaangalia mdomo wa ng'ombe, akaangalia kwato, akaomba aone kile napaka. Akafungua mkebe, akanusa, akanusa tena, halafu akanitazama mimi na mvi yangu.

“Shosho, nani anajichubua hapa?”

Nikamwambia hakuna, labda ng'ombe.

Hakucheka. Akasema hiyo si mafuta ya kukamulia, hiyo ni ile krimu ya mjini, na haifai kuwekwa kwa ng'ombe iko na mimba. Nioshe matiti na maji ya vuguvugu na sabuni, na maziwa nimwage mpaka yeye aseme basi, mtu asikunywe. Sasa binti yangu alikuwa amesimama hapo kwa mlango wa zizi, mkono mmoja kwa tumbo. Nikaona uso wake umeanguka.

“Daktari,” akasema, sauti chini kabisa, “na kama ni mtu?”

Daktari akafunga mkebe polepole. Akasema, “Kama ni mtu, aende kliniki leo.”

Mimi hapo singeweza hata kumgombanisha. Ungemgombanisha aje mtu ameshika tumbo na mikono miwili? Nilimfunga leso kwa mabega, tukateremka, yeye na mkebe wake kwa mkoba. Njiani alisema kitu kimoja tu, kwamba kama hii pia itatoka, yeye hatarudi kwangu, hatajua ataniangalia na macho gani. Nikamwambia atembee, macho ni yale yale.

Sista wa kliniki alikuwa msichana mdogo, ningemzaa mara tatu. Akamweka chini, akamweleza bila kelele. Alisema hizo krimu za kung'arisha, hata zile ziko na maandishi, mama mjamzito aachane nazo. Zingine ziko na zebaki, ile maji ya fedha ilikuwa kwa vipima joto vya zamani, inaharibu figo ya mama na inaweza kudhuru akili ya mtoto tumboni. Zingine ziko na dawa kali ambayo hata daktari hupeana kwa kuogopa.

“Ngozi si mabati, dada. Unachopaka kinaingia, na kikiingia kwa damu mtoto anapata.”

Akapima mkojo, akapima presha. Halafu akachukua kile kitu kama tarumbeta, akaweka kwa tumbo, akaweka sikio. Jameni. Hiyo kimya nilikonda. Niliingia hapo nikiwa mama mnene, nguo ikaanza kunianguka.

“Anapiga vizuri,” sista akasema. “Anapiga kama ngoma ya kwaya.”

Halafu akauliza, krimu amepaka mara ya mwisho lini. Binti yangu akasema asubuhi hii hii, akatoa mkebe. Sista akachukua kidogo, akasugua kwa mkono, akanusa. Akasema lakini hii ni mafuta ya ng'ombe kabisa, hata iko na nywele ya ng'ombe. Tukatazamana mimi na yeye. Ndio hapo tukaelewa mikebe iligeuzana kitambo, na ng'ombe ndiyo ilikuwa inabeba ile mzigo. Yeye akalia, mimi nikacheka, halafu tukabadilishana.

Sista hakutuachilia hivyo tu. Alisema ile alipaka mwanzoni hawezi kuiona na macho, kwa hivyo arudi kliniki kila akiitwa, avae kofia kwa jua, na hata dawa ya kunyoosha nywele ingoje mtoto. Kufika nyumbani, binti yangu akachukua kofia ya mzee ya kuchuma majani chai.

Kama kuna wakati natamani urudi, ni huo. Jioni tulikuwa tunakaa karibu na moto, mguu wake umefura, umewekwa kwa magoti yangu, nampaka yale mafuta yenyewe ya ukweli, halafu na yeye ananisuka matuta ya kizamani. Wasiwasi ilikuwa hapo kati yetu kama mtu wa tatu. Mtoto asipocheza kidogo, yeye ananyamaza, mimi nanyamaza, mpaka apige teke ndio moto unaendelea kuwaka. Na mzee, bila kusema neno, alifunga kamba ya katani kwa mkebe wa ng'ombe, isichanganyike tena.

Wakazaa wiki moja, yeye na ng'ombe. Ng'ombe ikatangulia, ikatoa ndama mzima, lakini rangi yake kahawia hafifu, kama chai ya maziwa mengi. Ni ile mbegu ya sindano tu, daktari alisema fahali alikuwa wa rangi hiyo. Halafu binti yangu akajifungua msichana, mkubwa, anapiga kelele mpaka Gachoka walisikia.

Wanawake wakakuja na uji na njahi. Na mnatujua, mtoto hajasalimiwa, tayari amefunuliwa aangaliwe ncha ya masikio, ndio ijulikane atakuwa rangi gani. Masikio ilikuwa nyeusi tii, kama hizo njahi ziko kwa uteo wenu. Shangazi ya kijana wangu, ambaye maneno ya krimu ilikuwa imemfikia, akamtazama mtoto, akamtazama mama, akauliza kwa nguvu, kwani ile krimu yote ya Dallas ilienda wapi?

Binti yangu akavuta mtoto karibu. Na mzee wangu, pale kwa mlango na kikombe chake, akasema:

“Huyo ni wetu. Wa krimu yuko kwa zizi.”