Benchi la Regine

Mtunza funguo wa kanisa lenye ngome, kule Transilvania, ana mikono inayonuka nta na chuma. Watalii wakija kupiga picha minara, huwafungulia na kuwaamuru wavue kofia. Wasaksoni wenzake, watu wa asili ya Kijerumani ambao babu zao ndio waliozijenga kuta hizo, wamehamia Ujerumani nyumba baada ya nyumba. Kati yao, kijiji kizima amebaki yeye tu. Jumapili huvaa gauni lake jeusi na kuketi benchi la pili, peke yake. Jirani yake Ilinca, Mromania anayemsaidia kufagia, haachi kumchokoza: “Shoga, benchi la mbele tupu, wewe umejibana huko unamwogopa nani?”

“Hapa wanawake tunakaa kwa umri, wakubwa mbele. Pale ni pa Regine, mkubwa wangu.”

“Regine si yuko Ujerumani?”

“Kwani kwenda Ujerumani ndiyo kufa?”

Jumamosi moja, wakiwa katikati ya kufagia, simu ya mtunza funguo ililia, ya kutoka Ujerumani. Alisikiliza, akajibu “Ndiyo” kwa sauti kavu, akauegemeza ufagio ukutani, akaenda kuvuta kamba ya kengele ya msiba. Kesho yake Ilinca alimwona akilipangusa benchi la mbele kwa kiganja, akiketi taratibu, kama mgeni kwenye kiti cha watu. Kisha, bila kugeuka, akayapungia mkono mabenchi matupu nyuma yake.

“Haya,” alisema, “sogeeni mbele.”