Kifuniko Chekundu cha Taa ya Nyuma

Mlio wenyewe si mkubwa. Ni plastiki inayozungushwa juu ya plastiki, krrk, basi. Mwezi uliopita muuzaji wa baiskeli alifungua taa ya nyuma mbele yangu ili aweke betri, na mlio ule ulipotoka mikono yangu ikafa ganzi. Mwanangu Masanja, ambaye alikuwa anajaribu kengele za baiskeli zote dukani kwa zamu, akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamjibu ni jua tu. Ninyi sitawadanganya. Tulikuwa ndani, chini ya feni.

Nilikuwa na miaka kumi, na baba yangu alikuwa fundi karabai. Kwa asiyezijua, karabai ni taa ya mafuta inayopigwa pampu, na wavuvi wa dagaa walikuwa wakiziwasha juu ya maji ili dagaa wafuate mwanga. Mitumbwi ikirudi Mwaloni, pale Kirumba, karabai nyingi zilikuwa zimeharibika, na fundi aliyetaka kazi alipaswa awe amefika kabla mtumbwi wa kwanza haujagusa mchanga. Sisi tulikaa Kiseke, mbali na ufukwe. Kwa hiyo kila alfajiri, giza bado halijaondoka, Baba alifunga tenga la vifaa kwenye keria ya baiskeli na kuanza safari. Nguo zake zilinuka mafuta ya taa hata zikitoka kuanikwa juani. Mpaka leo nikipita mahali panapouzwa mafuta ya taa hujikuta nimepunguza mwendo bila sababu.

Nyumbani kwetu mwanga ulikuwa na afya na maradhi kama mtu. Mweupe ulikuwa mzima. Mwekundu ulikuwa mgonjwa, kwa sababu karabai ikiwaka nyekundu ujue haina pumzi, au kitundu chake cha mafuta kimeziba. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuvizibua vitundu hivyo kwa sindano. "Nyekundu ni mgonjwa, Kabula," Baba alikuwa akisema, "usimwache alale hivyo." Basi nilizibua, nikapiga pampu, mwanga ukapanda polepole mpaka ukawa mweupe wa kuumiza macho, na Mama akapaza sauti kutoka jikoni kwamba tunammalizia mafuta yake. Nilijiona daktari mkubwa.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Mliokuwepo mnakumbuka: duka lililokuwa na sabuni ya aina moja na muuzaji anayesinzia, ghafla likajaa vitu ambavyo hata muuzaji mwenyewe hakujua vinatumikaje. Barabara nayo ikajaa. Malori ya samaki, pikapu, magari yaliyofika kwetu yakiwa yamekwisha kuchoka huko yalikotoka, yote yalipita njia ileile ya Baba. Baiskeli yake ilipokuwa mpya ilikuwa na kioo cha kuakisi mwanga kwenye madigadi ya nyuma, lakini hicho kilivunjika kabla sijazaliwa. Mahali pake Mama alifunga kifuniko cha kopo la maziwa, akawa anakisugua kwa majivu kila Jumapili. Baba alisema kwa kifuniko kile labda ng'ombe watamwona.

Mama hakucheka. "Baba Kabula," alimwambia siku moja akimmiminia uji, "wanaokuja mbele unawaona mwenyewe. Wanaokuja nyuma, nani atawaambia kwamba upo?"

Baba akahesabu akiba yake. Jumamosi akanipakia kwenye keria, tukaenda mjini kutafuta taa.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye meza iliyopangwa taa, vioo vya pembeni, pampu na kufuli, vyote viking'aa kuliko sufuria za Mama. Nilitaka kila kitu. Baba aliniambia, "Chagua wewe, wewe ndiye fundi wa macho," na mimi nikavimba kichwa. Ili kuzijaribu taa mchana, kijana yule alikuwa na boksi kubwa la kadibodi. Unaingiza kichwa na taa ndani, unajifunika kwa koti lake, unaiwasha. Nilikaa humo muda mrefu mno. Nje nilisikia Baba na kijana wakiongea, sauti zao zikinifikia kwa mbali, lakini sikujali wanasema nini. Nilitoka jasho likinitiririka na kuchagua jozi moja, ya mbele na ya nyuma, kila moja na betri zake. Ya mbele ilikuwa kali. Ya nyuma sikuijaribu; wekundu wake nilidhani ni pambo tu, na kwamba zinawaka sawa.

Jioni Baba alizifunga, akaziwasha uani, majirani wakaja kuona. Ya mbele ilipiga ukuta wa jirani mpaka kuku wake wakaamka. Kisha nikazunguka nyuma. Taa ilikuwa inawaka nyekundu, tena wekundu hafifu, kama karabai iliyosahauliwa usiku kucha. Nawaambia kweli, nilitaka kulia. Taa mpya, tumeitoa mjini leo, nimeichagua mimi, halafu mgonjwa!

Kesho yake, watu wakiwa wamepumzika baada ya kutoka kanisani, nilichukua sindano yangu nikaenda kuitibu. Sikuhitaji hata sindano. Nilizungusha uso wa taa, krrk, ukabaki mkononi mwangu, na kumbe balbu ndani ilikuwa nyeupe, nzima kabisa! Ugonjwa wote ulikuwa kile kifuniko chekundu cha plastiki. Nilishangaa ni mpumbavu gani aliyeifunika taa nzima namna ile. Nikamwita Baba.

Alikuja akifunga kamba ya suruali, akaitazama taa iliyokuwa ikiwaka nyeupe. Akanitazama mimi, nimesimama pale na kifuniko mkononi, meno yote nje. Halafu akanishika kichwa. "Fundi wangu," akasema. Kifuniko nikakifanya bakuli la mdoli wangu wa matambara.

Zilipita wiki tatu hivi. Mama alifurahi, akaacha kusugua kopo. Baba aliondoka kila alfajiri na taa mbili nyeupe, moja mbele, moja nyuma, nami nilikuwa nikiamka kumchungulia dirishani mpaka ile ya nyuma ipotelee kwenye kona. Nililala tena nikiwa na amani ambayo sijaipata tangu hapo.

Asubuhi yenyewe nilikuwa nakunywa uji, nimeshavaa sare za shule. Jirani yetu, mama mmoja aliyeuza dagaa Mwaloni, aliingia uani bila kubisha hodi, kanga imemdondoka mabegani. "Mama Kabula, njoo. Baba Kabula kagongwa." Mama hakupiga kelele. Aliweka mwiko chini taratibu, mahali ambapo hapakuwa na sufuria wala meza, ukaanguka kwenye majivu. Nakumbuka nilimalizia uji wangu. Sijui kwa nini. Nimejiuliza maisha yangu yote ni mtoto gani anamalizia uji.

Hospitalini tulimkuta yu hai. Uso wake ulikuwa umevimba na mguu wa kulia umefungwa kwa vipande vya mbao, damu imepenya kwenye bandeji. Pembeni ya kitanda alisimama askari wa usalama barabarani na daftari lake, na dereva wa lori, mwanamume mzima mwenye mvi, akitetemeka kuliko mgonjwa.

"Mzee, nilikuona unakuja," dereva alisema. Alilirudia hilo kama mtu anayeomba kueleweshwa. "Naapa kwa mama yangu, niliona taa nyeupe inakuja, pembeni, nikajua tutapishana. Nikangoja ipite. Sasa mbona haikupita?"

"Nilikuwa nakwenda," Baba akasema kwa shida. "Hukuniona nakuja. Nilikuwa nakwenda."

Askari aliinua taa yetu ya nyuma. Ilikuwa imepondeka, ila balbu ilikuwa nzima. "Mzee, hii ni ya nyuma. Huwa ina kifuniko chekundu. Dereva akiona nyekundu anajua kuna mtu mbele yake anaelekea anakoelekea yeye. Akiona nyeupe anajua mtu anakuja. Nani kakiondoa?"

Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka siku ile, wala sidhani nitashtuka tena hivyo. Masikio yalivuma. Nilimwona askari akisogeza midomo lakini sauti ikawa haifiki. Kifuniko kilikuwa nyumbani, chini ya kitanda changu, na ndani yake kulikuwa na mchanga niliompikia mdoli. Nilifungua kinywa niseme.

"Mimi," Baba akasema. "Nimekiondoa mimi."

Askari akaandika. Mama alimtazama Baba, macho yakamjaa hasira na machozi pamoja, akasema, "Umri wote huu, Baba Kabula, unachezea taa?" Baba akafumba macho. Nami nikafunga kinywa changu, nikakifunga kwa miaka mingi mno. Jioni ile nilikitumbukiza kifuniko chooni, nikasimama pale nikiogopa kwamba kitapanda.

Mguu ulipona ukiwa mfupi. Baba hakuendesha tena baiskeli. Karabai zililetwa nyumbani na wavuvi waliomhurumia, na nilipozibua vitundu hakusema tena habari za mgonjwa. Nami nilikua nikiamini kwamba baba yangu alinifichia kosa langu. Nilimpenda kwa ajili hiyo, na nilijichukia kwa ajili hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye duka lile. Nilipotoka na Masanja na baiskeli yake mpya sikwenda kwangu, nilikwenda moja kwa moja Kiseke. Baba alikuwa barazani na fimbo yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaikagua baiskeli kwa vidole kama anavyokagua kila kitu siku hizi, macho yake yakiwa yamefifia. Vidole vikafika kwenye taa ya nyuma, vikatulia hapo. Nikajikuta nimesema.

"Baba, siku ile hospitalini, kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu nilikuwa mimi."

"Baba, nilikiondoa mimi. Unajua."

Aliondoa vidole kwenye taa. "Yule kijana wa mjini alinieleza," akasema. "Wewe ukiwa ndani ya boksi lako. Aliniambia nyekundu ni ya nyuma, na akanieleza sababu. Siku uliponiita nione ulivyoiponya taa, nilikumbuka maneno yake yote. Lakini ulikuwa unacheka, Kabula. Nikaona nitakirudisha kesho, ukiwa shuleni. Kesho nikakikuta kwa mdoli. Nikasema kesho."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya baraza. Miaka yote nilibeba kifuniko kile, na yeye naye alikuwa amekibeba, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Mguu wake mzima aliutoa ili asinione nimenuna. Sikujua nimkumbatie au nimpigie kelele. Nilifanya vyote viwili, na majirani wakatoka nje.

Masanja, ambaye hakuelewa lolote, alikuwa ameinama nyuma ya baiskeli yake akiiwasha na kuizima taa. "Mama, hii nyekundu hata haiangazi," akasema. "Kuna nyeupe zinamulika mpaka mbali. Tubadilishe."

"Hatubadilishi."

"Mama, tafadhali."

"Hapana."

Alinuna palepale, akanuna njia nzima, akakataa na chakula cha jioni. Nikamwacha anune.