Siku Nilipojimwagia Choya Newala

Sogea karibu nikusimulie mwenyewe, maana ukienda Newala leo ukauliza habari za wakili aliyelamba damu yake hadharani, watakusimulia na watakutilia chumvi, huyu atakwambia nilipandisha mashetani, yule atakwambia nilikufa nikarudi, na ukweli ni kwamba hapakuwa na shetani wala damu, palikuwa na aibu tu, na aibu hiyo ni yangu peke yangu, simgawii mtu.

Mimi ni wakili. Baba yangu ni wakili, kaka yangu Luka ni wakili, na ofisi yetu ni chumba cha mbele cha nyumba ya Baba pale Mkomaindo, Masasi (Mama anapitisha chai dirishani, na mteja akiwepo naye anapata). Kazi yetu kubwa ni watu walioumia ajalini. Mtu amevunjika nyonga, mama amefiwa na mumewe kwenye lori la mkaa, sisi tunamsaidia kudai fidia kwenye kampuni ya bima ya gari lililomuumiza. Ni kazi ya halali lakini ina maneno. "Ninyi si mnaishi kwa mifupa ya wenzenu," jirani mmoja aliniambia tukitoka kanisani, anacheka huku anamaanisha. Ndiyo maana Baba aliweka desturi kwamba kila mwaka, korosho zikishauzwa na watu wametulia, tunapanda Newala tunakaa kutwa nzima kiwanjani karibu na soko, tunaeleza sheria bure kwa yeyote anayetaka kusikia. Baba husema mtu anayekufahamu siku ya balaa tu, atadhani balaa ni wewe.

Mwaka huo mgongo ulimsumbua Baba, akatuachia kazi mimi na Luka. Na mimi nilikuwa na haja yangu moyoni, na haja hiyo ilikuwa Mzee Ahmadi wa Lupaso.

Mzee Ahmadi alivunjika mguu ndani ya Noah ya abiria iliyopinduka kwenye mteremko wa kushuka kutoka Newala. Mguu ukaunga vibaya, umepinda, akawa anatembea kwa gongo, na daktari akasema unahitaji kufanyiwa upasuaji tena, na mapema, la sivyo atabaki hivyo hivyo. Bima ya ile Noah ingeweza kugharamia. Kila kitu kilikuwa wazi isipokuwa kimoja: dereva alikuwa Jabiri, mtoto wa dada yake.

Kama wewe ni mtu wa huku, umeshaelewa. Kama si wa huku, nikueleze taratibu. Kwetu mjomba na mpwa ni kitu kimoja. Mpwa akiharibu, anayeitwa ni mjomba. Mpwa akioa, anayesimama ni mjomba. Mjomba kumpeleka mpwa wake kwenye sheria ni kama mtu kujipeleka mwenyewe, tena watu watakushangaa maisha. Nilimweleza mzee mara nyingi kwamba kesi ya trafiki ilishakwisha, Jabiri alikubali kosa akapigwa faini, sasa imebaki fidia, na fidia inalipwa na bima, Jabiri hatoi kitu.

"Mama Debora," akaniuliza (Debora ni binti yangu), "kwenye madai hayo mtaandika nani aliniumiza?"

"Dereva, mzee. Jabiri."

"Basi yaache."

Na muda wa kudai haukai kumsubiri mtu. Ulikuwa ukingoni. Mwishoni mzee akakubali jambo moja tu, kuja na sisi Newala akasikilize, aone tulivyo, ndipo aseme neno lake la mwisho.

Hapo ndipo likanijia wazo la igizo. Jabiri alikuwa amefukuzwa na mwenye Noah, siku hizo anaendesha bodaboda pale pale Newala. Nikasema, nitamwomba aje na pikipiki yake, afunge breki mbele yangu, mimi nianguke, kisha nieleze hatua kwa hatua mtu afanye nini baada ya ajali, na mzee aone kwa macho yake kwamba dereva anaweza kutajwa jina bila kuchukiwa. (Mawazo yangu, yakiwa bado kichwani, huwa mazuri sana.) Jabiri akakubali, kwa shingo upande, lakini akakubali. Nikachemsha choya, ile juisi nyekundu, nikaikoroga na unga wa muhogo kidogo ili iwe nzito, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni nikauficha chini ya wigi.

Luka alisema kitu kimoja cha busara siku ile na sikumsikiliza. "Agi, tutangaze kwanza kwamba ni igizo."

"Ukitangaza watacheka tu. Acha nianguke kwanza waguswe, ndipo uwaambie."

Ni hilo tu. Yote yaliyofuata yametoka kwenye hilo.

Watu walijaa. Mzee Ahmadi tukamweka mbele kwenye kiti, kila anayepita anamwamkia, shikamoo mzee, marahaba, na mimi nikajitenga kama naenda dukani, nikavuka barabara, Jabiri akaja, akafunga breki hatua kadhaa kabla hajanifikia (breki yake ina mlio, Mungu anisamehe, ilisikika soko zima), nikajitupa chini, nikaminya kichwa, mfuko ukapasuka, choya ikanitiririka usoni mpaka shingoni, na wigi, kwa kuwa limelowa na lilikuwa la kuazima, likateleza likaanguka vumbini.

"Yesu wangu! Nywele zimetoka na ngozi!" mama mmoja akapiga kelele.

Nikasubiri sauti ya Luka. Nikasubiri. Luka alikuwa ameshika kipaza sauti anafungua mdomo na kufunga kama samaki, kwa sababu betri ilikuwa imekata roho, na kwa zile kelele hata ng'ombe asingesikika.

Nikainua kichwa nikasema, "Jamani, ni igizo."

"Anaweweseka," akasema mama mwuza mandazi, Mama Shaibu, ambaye alishapiga magoti na kunibana mabega. "Tulia mwanangu. Usiongee."

"Mama, mimi ni mzima, hii ni..."

"Wote wanasema hivyo. Marehemu kaka yangu naye alisema ni mzima. Mshikeni miguu huyo!"

Wakanishika. Kila nikijieleza wananibana zaidi, nikitulia wanasema anazimika, na nzi nao, kwa kuwa choya ilikuwa na sukari, wakaja kushuhudia. Wanaume wanne wakaninyanyua, kila mmoja na upande wake, kama wanabeba kabati.

Mpaka hapo ilikuwa aibu ya kawaida. Lakini nikiwa juu juu vile nikasikia mtu anasema, "Huyu si ndiye aliyempindua mjomba wake? Leo tena!" Nikageuza shingo, nikamwona Jabiri amezungukwa, ufunguo wa pikipiki umeshanyang'anywa, mmoja amemkamata ukosi wa shati, na yeye anarudia tu, "Wameniambia nifanye, wameniambia nifanye," na maneno hayo, ukiyasikia bila kujua habari, ni mabaya kuliko kunyamaza.

Nikajua nimemponza mtoto wa watu.

Kabla sijapata la kufanya, Mzee Ahmadi alikuwa ameshanyanyuka. Gongo lake aliliacha kwenye kiti, sijui kwa haraka au kwa hasira, akaenda anachechemea kwa ule mguu uliopinda, akapenya, akajitia katikati ya Jabiri na wale watu.

"Huyu mpwa wangu! Anayetaka kupiga aanze na mimi!"

"Njomba, kaa kando, utaanguka," Jabiri analia.

"Nyamaza wewe! Aanze na mimi, nimesema!"

Nikapiga teke. Wale wanaume hawakutegemea majeruhi apige teke, wakaniachia, nikaangukia mguu wa kushoto, nikasikia kitu kwenye kifundo kinasema ta! Nikasimama hivyo hivyo, kichwa changu kimesukwa twende kilioni, uso mwekundu, naruka kwa mguu mmoja kuelekea kwenye kundi, nikipiga kelele, "Mwacheni! Sijagongwa! Si damu!" Waliokuwa karibu yangu wakakimbia. Mzee mmoja wa sokoni akaacha kandambili zake. Na mimi kwa kutaka kuthibitisha (nilisoma miaka mingi jinsi ya kutoa ushahidi) nikalamba kiganja changu mbele ya watu wote. "Choya! Onjeni!"

Hapo ndipo nilipopata sifa yangu ya mashetani.

Aliyeniokoa ni Mama Shaibu. Alinisogelea, akachovya kidole shavuni kwangu, akaonja, akafikiri.

"Ni choya," akawatangazia. Halafu akaniangalia. "Na umeweka muhogo. Nani anaweka muhogo kwenye choya?"

Kicheko kilichopigwa sijawahi kukisikia tena. Yule aliyemshika Jabiri ukosi akauachia, akamkung'uta shati, akamrudishia ufunguo, na Luka sasa, bila kipaza sauti, sauti ikamtoka, akaeleza, watu wakazidi kucheka, mwingine anauliza kama mawakili wa Masasi wanaigiza na harusi pia, waje waone. Nikaomba maji ninawe. Wakanicheka upya. Wiki ile bomba lilikuwa kavu, maji yanauzwa kwa dumu, na hakuna aliyekuwa tayari kumwaga dumu lake kwa ajili ya choya, Mama Shaibu akanipa khanga nijifute.

Mtu mmoja hakucheka. Mzee Ahmadi alirudi kitini, akaweka gongo mapajani, na nilipofika akaniambia taratibu, bila ukali, na ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

"Mama Debora, kama damu ya wakili ni choya, mguu wangu nani atauamini?"

Ndilo jambo tunalosemwa kila siku, kwamba wateja wetu wanajifanya, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejifanya mbele ya umati.

"Nirudisheni nyumbani," akasema.

Nikageuka kumwita Luka tufunge mizigo, nikashindwa kukanyaga. Kifundo kilikuwa kimevimba kama embe bolibo. "Luka, mguu."

"Agi, basi. Igizo limekwisha."

"Luka, kweli."

"Hata hapo chini ulilala kweli kweli."

Wengine wakadakia, mwacheni, anataka makofi. Ni Mzee Ahmadi aliyeniangalia, akaangalia mguu, akasema, "Huyu ameumia. Mguu mzima una mahali pa kukaa. Ule hajui auweke wapi." Akamwita mpwa wake. "Jabiri, mpeleke hospitali. Polepole!"

Nikapanda nyuma ya pikipiki ile ile iliyosemekana imenigonga, tukaenda polepole kama harusi, mzee na Luka wakafuata na gari. Tukakaa kwenye benchi kusubiri kupigwa picha, na simu yangu haikunyamaza, maana habari ilishateremka Masasi kabla ya uvimbe kupanda, kina mama wa kanisani walishafika kwa Mama na mikeka ya msiba. Baba mwenyewe akapiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, nimepokea pole nyingi katika kazi hii. Hii ya choya ni ya kwanza." Nikamsikia anahangaika na mgongo, kwa kucheka.

Jabiri alikuwa amekaa kando ya mjomba wake, anaangalia sakafu. Halafu akasema, "Njomba, leo umesimama kunikinga kwa mguu nilioupinda mimi."

"Ningesimama kwa upi? Ninao huo."

"Wakili," akanigeukia, "jina langu liandikwe. Nitakuja kueleza mwenyewe. Mteremko ule nilikuwa nakimbiza gari, na nitasema hivyo."

"Wewe usitafute makubwa," mzee akamkatiza.

"Nitasema, njomba. Kila siku nikikuona na gongo nakwepa njia. Nimechoka kukwepa."

Nikaanza kueleza tena, kwa mara ya sijui ngapi, kwamba bima ndiyo italipa, kwamba anachotakiwa ni kusema kweli tu, na safari hii hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza mzee alivuta pumzi.

"Basi muandike," akasema. "Lakini muandike pia kwamba ni mpwa wangu na simchukii."

"Hilo bima hawaliulizi, mzee."

"Wasipouliza waambieni."

Tukaandika, Luka akibisha kwamba haihitajiki, na mimi mguu uko juu ya kiti. Sentensi ile imo kwenye madai mpaka leo. Madai yaliingia ndani ya muda, bima wakajibu, mzee amefanyiwa upasuaji, na anatembea kwa fimbo nyembamba ambayo nadhani anaipenda tu. Jabiri ndiye anayempeleka kliniki.

Mimi igizo nimeacha. Naapa mbele yako, tangu siku ile Newala nazungumza nimekaa kitini, kipaza sauti kina betri mbili, na Mama Shaibu kila mwaka ananiletea kikombe cha choya mbele za watu, ananiambia nionje, hiki hakina muhogo.

Na wewe unayenisikiliza, kama aliyekuumiza ni mtu wako, usikae na maumivu ukidhani unamlinda, labda naye anakwepa njia. Mwite, mkae, mwulize kama yuko tayari kusema kweli. Kisha njooni ofisini wote wawili, mapema.