Paja la Kusalimia Watu

Wiki tatu nzima swali moja lilininyima usingizi: ngozi ya paja ikihamishiwa mkononi, ni mkono au bado ni paja? Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, ndiyo maana niliweza kulifikiria jambo hili muda wote huo. Asiye na shahada angelala.

Baka jeupe lilikuwa mgongoni mwa mkono wangu wa kulia, ule ninaoandikia ubaoni na kusalimia watu. Ni mbalanga, ugonjwa wa ngozi: hauui, hauambukizi, wala hausikii dawa. Nilipaka mafuta ya hospitali, nikauanika mkono juani kama muhogo. Ngozi ya pembeni ikazidi kuiva, baka likabaki vilevile. Wanafunzi wangu pale Koboko walipokea madaftari kwa ncha za vidole. Mwalimu mkuu, mtu mwenye huruma, aliniomba wageni wa shule niwe nawapungia tu.

Daktari mmoja wa Arua akasema iko njia. Kwa kuwa baka halikuwa limekua kwa miaka miwili, angeweza kukata vipande vya ngozi pajani, vidogo kama punje za mchele, na kuvipandikiza katika vitundu atakavyotoboa kwenye baka. Vikishika, rangi husambaa yenyewe. Visiposhika, ningepata makovu sehemu mbili badala ya moja. Kuhusu miaka miwili sikuwa na wasiwasi, maana baka nililipima kwa rula kila Jumapili. Wasiwasi niliutafuta mwenyewe, kwa kuomba ushauri nyumbani.

Kwetu, mwili wa binti ambaye hajaolewa huitishiwa kikao. Watu walikuja hata kutoka Abuku na Lurujo, na kwa kuwa wamezoea kwamba ukoo ukiitwa unaitwa kuchanga, walikuwa wamekuja kuchanga ngozi. Ami mmoja alikuwa ameshakunja suruali.

Nilipoeleza kwamba ngozi itatoka kwangu mwenyewe, pajani, yule ami akaikunjua suruali. Shangazi yangu mkubwa akavuta mtandio.

"Paja hiyo nani anaruhusiwa kuona?"

"Hakuna, shangazi."

"Na sasa unataka iko nje inasalimia watu. Wakwe wakija, unawapa paja. Shehe akija, unampa paja."

"Itakuwa mkono, shangazi."

"Nani alisema? Karatasi ya chuo?"

Karatasi ya chuo haikusema lolote. Nikarudi na swali hilo kitandani, siku baada ya siku, huku kikao kikiahirishwa hadi mjomba wangu askari afike kutoka Kampala. Miaka ile ya utawala wa kijeshi jamaa zetu wa jeshini walikua haraka kuliko mbalanga. Huyu aliondoka akiwa dereva, akarudi na gari na maoni juu ya kila kitu.

Alisikiliza kikao huku akila karanga.

"Kwa nini mnasumbua paja ya mtoto?" akasema. "Mimi nitaleta mutu. Nyinyi semeni rangi tu."

Watu wakacheka. Yeye akaendelea kumenya karanga. "Ijumaa," akasema.

Kicheko kikafa. Nikajitahidi kueleza kwamba ngozi ya mtu mwingine haishiki, mwili unaikataa.

"Mwili yako iko na cheo gani ya kukataa?"

Shangazi, aliyekuwa na maneno mengi juu ya paja langu, sasa alikuwa anakagua mkeka. Kisha yule ami wa suruali akasema, kwa sauti ya mtu anayechagua kitambaa dukani, "Asikuwe mweusi sana."

Nikamtazama kila mmoja pale mkekani. Heshima ya paja langu ilikuwa imewakosesha raha wiki tatu. Ngozi ya mtu wasiyemjua ilikuwa imewachukua muda wa karanga chache.

Jumatano asubuhi nilipanda lori lililotoka Oraba, nikashuka Arua kabla ya saa nne. Daktari alishangaa.

"Mwalimu, si ulisema unahitaji muda wa kufikiria?"

"Nimeshafikiria. Ifanye leo. Ijumaa watu wa nyumbani wakute bendeji."

Hakuuliza kwa nini. Miaka ile daktari mwerevu hakuuliza. Nikapanda kitandani, nikafunua kitenge mwenyewe.

"Paja lipi?"

Juu ya hilo nilikuwa na hoja nne kila upande.

"La kushoto," nikasema, nikauweka mkono wa kulia mezani.