Uzi Mwekundu wa Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa na mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto, na asikudanganye mtu, haukuwa ugonjwa. Ilikuwa kazi. Miaka ishirini na tisa alisimama barazani kwake na pasi ya mkaa, akinyoosha nguo za mtaa mzima: mashati ya walimu, sare za walinzi, suti za mabwana harusi. Pasi yenyewe nzito, halafu ina visirani. Ukizubaa kidogo inatema jivu kwenye shati jeupe, na hapo unarudi kwenye beseni kufua upya. Kila nguo aliitia alama ndani ya kola kwa uzi mwekundu, mwalimu mishono miwili, mlinzi mitano, zisije zikachanganyika. Hakuwahi kupoteza hata leso.

Ila kifua kilikuwa kimechoka. Daktari alishamwambia aachane na moshi, na binti yake akamletea pasi ya umeme. Ikakaa kabatini tu, kwani umeme uko wapi? Nyaya zilipita juu kwa juu kwenda kwa wenye nazo.

Ndipo mradi wa sola ukaja. Paneli zikapangwa juu ya paa la ukumbi, watu wakaandikwa. Nyumba ya kawaida ingepata waya mwembamba, wa taa na redio. Mwenye kazi yake angepata waya mnene, wa kubeba mashine. Karani wa mradi, kijana mpole lakini mwenye haraka, alifika kwa Mama Pasi asubuhi ambayo mkaa haujawashwa. Hakuona duka wala kibao. Akaandika, akaenda zake.

Orodha ilipobandikwa ukutani, wifi yake ndiye aliyemsomea.

"Uko hapa. Taa na redio. Kazi..."

"Kazi nini? Sema!"

"Hana."

"Hana?" Damu ilimchemka Mama Pasi. "Mimi sina kazi? Kwa hiyo moshi wote huu nilikuwa naumeza kwa raha zangu?"

"Redio nayo si haba, wifi. Utakuwa unakohoa kwa mdundo."

"Hebu nitokee hapa!"

Siku ya kusikiliza malalamiko, ukumbi ulijaa. Mama Pasi alikwenda moja kwa moja mbele.

"Shikamoo, mama," karani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeniandika sina kazi."

"Mama, fomu inataka ushahidi. Leseni, kibao, chochote kile."

Mama Pasi alimtazama, akapiga moyo konde, akawageukia watu. "Jamani, hebu geuzeni kola zenu."

Mwalimu akaanza, mishono miwili. Mlinzi, mitano. Safu kwa safu kola zikageuzwa, uzi mwekundu kila shingo, na vicheko vikapanda.

"Na karani naye ageuze!" wifi akapaza sauti kutoka nyuma.

Karani akagusa shingo yake, akaigeuza kola taratibu. Mishono mitatu, myekundu.

"Nguo zangu huwa anazipeleka mama mwenye nyumba," akasema kwa sauti ndogo. "Sikujua zinakwenda wapi."

"Zinakuja kwangu. Na hicho kifungo cha pili kilikuwa kinaning'inia, nimekikaza mimi."

Ukumbi ukaangua kicheko, lakini karani hakucheka. Alikata neno lile kwa kalamu, akaandika jingine. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Soma ulichoandika."

"Kazi: dobi."

"Soma tena."

Akasoma.

"Kwa sauti, mwanangu. Wa nyuma hawajasikia."

Akasoma mara ya tatu, na Mama Pasi akajifuta macho kwa ncha ya kanga bila kumwonea haya mtu.

Wiki mbili baadaye waya mnene ukaingia. Pasi ya bintiye ikatoka kabatini, ikapata moto kimya kimya. Mama Pasi akaiinua, akaipuliza kwa mazoea. Wifi yake alicheka mpaka akakaa chini.

Jivu halikuruka. Mama Pasi akavuta pumzi ndefu, hakukohoa, akalivuta shati la karani mezani.