Marehemu Wanne Kwenye Mtandao

Fundi mkuu wa vifaa tiba katika hospitali ile alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bisibisi. Wauguzi walimwita hivyo, wapishi walimwita hivyo, na hata mume wake, mwalimu mstaafu asiyependa majina ya utani, akikasirika alimwita Bisibisi vilevile. Jina lilitokana na bisibisi aliyoichomeka kwenye nywele siku zote. Aliwahi kwenda nayo harusini, na wala si kwamba alisahau kuitoa, jamani! Alijua kutakuwa na vipaza sauti, na vipaza sauti vya harusini havikosi kuharibika.

Karakana yake ilikuwa chini ya ngazi, na humo mlikuwa na kompyuta yenye daftari la vifaa. Daftari hilo ni programu: imeandika kila kifaa cha hospitali, kiko chumba gani, kimepimwa lini, kizima au kibovu. Kwa miaka kumi na miwili ni yeye peke yake aliyeandika humo, na alilipenda kama mtu anavyopenda shamba alilolima mwenyewe.

Ng'ambo ya korido alikaa Bwana Mtandao, mtu wa nyaya na kompyuta. Pande la mtu, mabega kama kabati, lakini akiona damu anatafuta pa kukaa. Tangu aajiriwe hakuwahi kuvuka dirisha la dawa kuingia wodini. Siku moja alimjia Bisibisi karakanani huku uso unang'aa.

"Mama, nimeleta Mlinzi," alisema. "Ni programu ya ulinzi. Inakodolea macho mtandao mzima, inaona kila kifaa kilichochomekwa. Wezi wa mtandao hupenda kuingia kwa kupitia mashine kuukuu iliyosahaulika."

"Basi si anaona? Shida iko wapi?"

"Anaona, lakini hajui anachokiona ni nini. Daftari lako linajua majina ila halina macho. Tuwaunganishe, kama ndoa."

"Kama ni ndoa," alisema Bisibisi, "andaa na msuluhishi."

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Alhamisi saa nne asubuhi Mganga Mkuu angebonyeza kitufe mbele ya wageni wawili kutoka makao makuu. Kuanzia dakika hiyo, kifaa chochote ambacho daftari halikijui, au linasema kimefutwa, Mlinzi angekikata kwenye mtandao papo hapo, bila kumuuliza mtu.

Jumatatu wakafanya jaribio. Looo! Mlinzi alifichua mambo. Alifichua televisheni ya ofisini kwa Mganga Mkuu, ambayo kumbe ilikuwa ikionyesha mpira saa za kazi. Alifichua simu kumi na saba za watu walioapa hawaijui nywila. Alifichua mashine ya kuchapishia ambayo idara ya kumbukumbu ilisema imeibiwa, iko hai, inachapisha, chumba cha pili tu. Bisibisi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi. Kisha Bwana Mtandao akashuka chini ya orodha, akasoma maandishi mekundu.

"Monita nne. Wodi ya watoto njiti. Hali: zimefutwa." Akamgeukia. "Mama, hawa ni marehemu. Wanafanya nini kwenye mtandao?"

Kicheko kilikatika. "Labda huyo Mlinzi wako ana mtoto wa jicho," alisema Bisibisi, akajitia kutafuta koleo.

Lakini alijua. Ajue nani kama si yeye? Miaka mitatu nyuma paa la ile wodi lilivuja, monita sita, zile mashine zinazosoma oksijeni ya mtoto na kupiga kengele ikishuka, zikaloa chapachapa. Kamati ya watu watatu wenye tai ikaja, ikazitazama kwa mbali kama zinaambukiza, ikaamua zifutwe na kuharibiwa. Bisibisi akasaini. Mganga Mkuu, mwenyekiti wa kamati, naye akasaini, akaahidi mpya zingefika ndani ya mwezi. Mwezi huo mpaka leo haujaisha.

Wodi ya vitanda kumi na viwili ikabaki na monita tatu. Sista wa wodi ile akaja karakanani, akakaa kwenye kigoda, hakusema neno. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Bisibisi akazifungua zile sita, akazikausha kwa mashine ya nywele ya dada yake, akang'oa huku akapachika kule, na kutoka sita akapata nne. Alivaa kipimo kidoleni mwake: oksijeni asilimia tisini na nane. Akamvalisha Sista: tisini na nane. Wakakumbatiana. Zikarudi wodini kimyakimya, zikaunganishwa kwa mtandao na kioo kikubwa cha mezani kwa Sista kinachoonyesha namba za watoto wote, maana mara nyingine muuguzi mmoja huwatazama watoto wa vyumba viwili, na pasipo kile kioo hawezi kujua mtoto wa chumba cha pili amebadilika rangi.

Mlinzi akizikata, nusu ya kioo inazima.

Jumanne Bisibisi alijifungia karakanani kulirekebisha daftari. Daftari lilikuwa na hali tatu: inafanya kazi, inatengenezwa, imefutwa. Ya kufufuka haikuwamo. Waliolitengeneza hawakumfikiria mtu kama yeye. Akajaribu kuziandikisha upya kama monita mpya. Daftari likamjibu kwamba namba hiyo ni ya kifaa kilichofutwa, na aliyekifuta ni fulani, likamtajia jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo. Alilitukana daftari. Halikujibu.

Jumatano akavuka korido.

"Baba, mwambie Mlinzi wako afumbe jicho moja."

"Mama, mfumo haujui shangazi wala mjomba."

"Wewe si unajua?"

"Mimi najua. Lakini anayeweza kufungua kilichofutwa ni mwenyekiti wa kamati peke yake." Akashusha sauti. "Na kurudisha kwa wagonjwa kifaa kilichofutwa ni kosa la kufukuzwa kazi. Wewe umebakiza miezi minane ustaafu. Sijaona kitu mimi."

Jioni, mezani, mume wake alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua samaki miiba.

"Na ukinyamaza?"

"Nikinyamaza, kesho saa nne kioo cha Sista kinazima, na watoto wale hawana wa kuwatazama."

"Sasa mimi unaniuliza nini? Umeshaamua, unatafuta wa kumlaumu."

"Ndiyo maana niliolewa," alisema Bisibisi, akaisukuma sahani kando.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mganga Mkuu alihutubia wageni kuhusu usalama, akanukuu takwimu alizozipata asubuhi ile, kisha akaweka mkono juu ya kipanya. Bisibisi akapiga moyo konde, akasimama.

"Mzee, kabla hujabonyeza. Kuna monita nne wodi ya njiti tulizozifuta mimi na wewe. Zinafanya kazi. Nilizirudisha mimi. Sista hana kosa, Bwana Mtandao hana kosa. Ukibonyeza sasa unawazimia watoto mashine zao."

Mganga Mkuu alimtazama, akawatazama wageni, jasho likamtoka kwenye upara.

"Ulinisainisha kifo cha mashine zilizo hai?"

"Hapana, mzee. Zilikuwa zimekufa kweli. Zilifufuka baadaye."

Mgeni mmoja alijificha nyuma ya faili, mabega yakimtikisika. Mganga Mkuu hakucheka.

"Ufunguo wa karakana," alisema, akanyoosha kiganja. "Na Jumatatu nataka barua ya kujieleza."

Bisibisi akauweka ufunguo mezani. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Mganga Mkuu akamwamuru Bwana Mtandao azifungue zile monita ili shughuli iendelee. Bwana Mtandao akabofya, akabofya tena, akakohoa.

"Mzee, inataka kwanza zipimwe usalama. Na fundi mwenye leseni asaini."

"Basi apime! Fundi mwenye leseni tunaye nani?"

Bwana Mtandao akafungua orodha ya mafundi wenye leseni. Ilikuwa na jina moja. Watu wote ukumbini wakautazama ufunguo. Mganga Mkuu akausukuma kwa kidole kimoja ukateleza mezani mpaka kwa mwenyewe. "Kwa muda," alisema.

Kwa kuwa sheria ilitaka shahidi, Bwana Mtandao alilazimika kuvuka dirisha la dawa kwa mara ya kwanza maishani. Alitembea akitazama dari. Mlangoni mwa wodi alimkanyaga Sista, akaomba radhi kwa stendi ya dripu.

Bisibisi alibeba kidole cha bandia. Ni kipande cha plastiki ambacho unakipangia kiasi cha oksijeni, unakivalisha kipimo cha monita, na monita nzuri inasoma kile kile ulichopanga. Kwa zile nne hakuwahi kukitumia, kwa sababu kidole kile hutuma majibu moja kwa moja kwenye daftari, na daftari halipokei majibu ya marehemu. Sasa lilikubali, kwa idhini ya mwenyekiti.

Monita ya kwanza ilisoma sawasawa. Ya pili sawasawa. Ya tatu sawasawa, na Bwana Mtandao akaanza kuthubutu kutazama vitandani, akasema, "Kumbe ni wadogo hivi!"

Ya nne alipanga tisini na nane. Ikasoma tisini na nane. Akapanga tisini. Ikasoma tisini na saba.

"Rudia," alisema Sista.

Akarudia. Akabadilisha waya, akarudia. Akashusha mpaka themanini na tano. Monita ikasema tisini na sita, kwa utulivu kabisa. Vidole viwili tu ndivyo vilivyoipima mashine ile, cha Bisibisi na cha Sista, vidole vya watu wazima wenye afya, na mwenye afya hawezi kuifumania mashine inayoficha ugonjwa. Aliyestahili tisini na nane ilimpa haki yake, na asiyestahili ikampa karibu hiyo hiyo. Miaka mitatu. Alijaribu kuhesabu ni watoto wangapi, akashindwa, akaona aibu ambayo ukumbini hakuiona hata chembe.

"Mtoto," alisema. "Haraka, Sista."

Walimhamishia mtoto wa kitanda kile monita ya jirani aliyekuwa ameruhusiwa asubuhi. Namba ikatokea: themanini na nane. Kengele ikalia. Sista akaongeza oksijeni, wakasimama watatu wakiitazama namba ile ikipanda moja moja mpaka tisini na tatu, na Bwana Mtandao hakukumbuka kuogopa. Mtoto alijinyoosha, akapiga mwayo. Kengele iliendelea kulialia kila alipojigeuza.

Bisibisi alichomoa ile ya nne, akaikumbatia aitoe. Mama wa mtoto, binti mdogo aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki tangu alfajiri, akamshika nguo.

"Samahani, mama fundi. Mbona mnaniondolea ile nzuri? Hii inapiga kelele kila saa. Ile wiki mbili nzima haijalia hata mara moja, mpaka nilikuwa napata usingizi."

Bisibisi aliiweka monita sakafuni, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mwanangu," alisema, "ile ilikuwa inakudanganya. Na aliyekuletea ni mimi."