Jiko la Karavani

Leo nimezibua jiko la mafuta ya taa kwa sindano. Harufu ilipopanda nikajichukia upya.

Bibi yangu alikuwa na jiko kama hili kwetu Kisauni. Lilikuwa la karavani kuukuu, zile nyumba za magurudumu za watalii, naye aliliokota jaani Mwakirunge. Kila Jumamosi alilisugua kwa ndimu na jivu, akazibua tundu zake moja moja mpaka moto uwake buluu. Wallahi, alijivunia jiko lile.

Siku moja wasichana wawili wa darasani kwetu wakaja, wakamkuta ameliinamia, masizi mpaka viwikoni.

"Haa! Chuma cha jaani mwakipikia?" mmoja akacheka. "Na huyu mama ni nani?"

"Mfanyakazi wetu," nikasema. Tena, mpumbavu mimi, ili waamini nikamwita bibi yangu kwa jina lake, kwa sauti ya kuamrisha.

Bibi akainua uso, akanitazama. Yeye ndiye aliyenifunza namna ya kuwaitika wakubwa.

"Abee," akaniitika, kwa adabu zote, kisha akainuka kuwapikia wageni wangu chai.